Pikapu Inayogonga na Mguu Wangu

2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na pikapu nayo imeanza kisirani chake. Nilikuwa nimeshapakia mayai kwa Mama Kuku, mfugaji ninayempelekea mayai madukani, nimefunga turubai, naachia klachi niondoke, chini ya sakafu kitu kikapiga ko. Mara moja, kama mtu kagonga bomba kwa nyundo. Nikasimama, nikashuka, nikachungulia. Tope na maji, hamna kingine. Nikaondoka tena. Ko.

Njia nzima ilikuwa hivyo. Nikiachia klachi, ko. Nikitoa mguu kwenye mafuta halafu nikakanyaga tena, ko. Nikiwa na mwendo mmoja kwenye barabara iliyonyooka inatulia tuli, utadhani si yenyewe.

Mume wangu alinisikia kabla sijafika getini. Kiti chake kiko dirishani tangu alipoteleza juu ya pikapu hii hii akipanga trei, akavunjika nyonga. Magongo yake ya chuma yanaegemea ukutani. Nilipoingia hakunipa hata pole ya mvua.

"Umelifanya nini gari langu?"

"Sijalifanya kitu. Limeanza tu lenyewe."

"Gari halianzi lenyewe. Huo ni mguu wako. Unaachia klachi kama unatupa ndoo kisimani."

Nilikuwa nimelowa mpaka ndani. Nikaenda kubadilisha nguo.

3 Machi

Ko siku nzima.

6 Machi

Leo kaja shemeji, mdogo wake mume wangu, yule ambaye kazi haimkai mkononi. Si mtu mbaya. Akija hapa hukaa ukingoni mwa kiti, kama ana miadi mahali. Nimewapa chai, nikawa naondoka, mume wangu akaniita nirudi nisikie.

"Nasema mbele ya mdogo wangu ili awepo shahidi. Mvua zikiisha na gari bado linagonga, funguo anachukua yeye. Sitaki mtu aniulie gari huku natazama."

Shemeji akakitazama kikombe chake. 

Bora niandike hapa, maana nikiyasema kwa mdomo nitalia, na nikilia ataniambia nina visa. Leseni yangu niliipata kabla hajanioa, ingawa akisimulia watu ni yeye aliyenifundisha. Miaka yote hiyo ilikaa kabatini na vyeti vya chanjo vya binti yetu. Alipoanguka ndipo ikatoka. Sasa wenye maduka wananijua, wananiita mama wa mayai, wananisogezea kiti nikisubiri wahesabu. Nikiwa kwenye usukani hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi. Hicho ndicho anachotaka kumpa mdogo wake. Shemeji atapata kazi, mume wangu atabaki na gari, na mimi nitarudi kwenye chumvi.

9 Machi

Mvua. Ko. Mheshimiwa wa Dirishani kanuna.

14 Machi

Nimeanza kuendesha bila viatu. Najua ni kichekesho, mwanamke mzima na ukungu wa asubuhi, vidole vinaganda kwenye pedeli. Nataka kuisikia klachi inaposhika. Naiachia polepole, unywele kwa unywele, napumua, nasema sasa leo. Ko.

Jioni nilimwambia mume wangu pengine yuko sahihi, pengine mguu wangu una kasoro. Nilimwomba radhi. Aliipokea radhi vizuri sana, akaniambia nimletee mto wa mgongoni, na usiku akanisimulia safari zake za zamani kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. Nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi.

20 Machi

Kwa agizo lake nimebadilisha mauntini za injini, ile mipira inayoikalisha injini isirukeruke. Aliyenibadilishia ni fundi wa kwenye kona ya kinu cha unga, mnene, anayepiga mluzi mdogo akiwaza. Alipomaliza akasema, "Mama, mlio huu siuamini kama ni wa mauntini. Niruhusu nilale chini dakika mbili."

Nikampigia simu mume wangu. Akafoka mpaka fundi akasikia. "Nani kamwomba achungulie? Chini asiguse mtu. Huko chini nilifunga mwenyewe."

Fundi akafuta mikono. "Basi. Mwenye gari kasema."

Nimetoka pale: ko.

Nisimseme vibaya kwa hilo. Mume wangu ana mkono mzuri kwenye chuma, kila mtu anajua. Ana mashine yake ndogo ya kuchomelea, na kila kilichovunjika katika nyumba hii kina nukta zake mbili: mguu wa kitanda, komeo la geti, mpini wa sufuria kubwa. Hachomelei mstari mzima kama wengine. Anapiga nukta mbili, anapuliza, anasema imeshika. Mara nyingi inashika kweli.

27 Machi

Shemeji kaja kujaribu gari. Mume wangu alitaka majirani waone. Shemeji akaingia, akarekebisha kioo changu, akaondoa. Ko, tena kubwa kuliko yangu. Mimi nikiwa nimesimama kwenye matope nikacheka kidogo, nikashindwa kujizuia.

"Unacheka nini?" mume wangu akaniuliza toka dirishani.

"Mguu wa shemeji nao unatupa ndoo."

"Gari limeshazoea mguu mbaya. Ukishaliharibu hata akipanda nani litalia tu."

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi. Mlio uleule kwa miguu miwili tofauti, na bado mwenye kosa ni mimi. Shemeji alishuka, kaka yake akamwita ndani kidogo, na alipotoka akanirudishia funguo bila kunitazama usoni. Nadhani anaona haya.

2 Aprili

Mama Kuku kanisimamisha. Ana mdomo mchungu huyu mama, lakini huwa anasema mbele yako.

"Mwenzangu, wenye maduka wanalalamika. Trei za chini zinafika na nyufa. Mimi nafuga kuku, sifugi omleti."

"Ni gari, dada. Linagonga."

"Basi litengeneze. Wenye pikapu wako wengi, na wengine wanakuja hapa kuniamkia kila wiki."

Nimetandika magunia matupu chini ya trei. Yanasaidia kidogo.

5 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Sasa inagonga hata nikibadilisha gia kutoka ya pili kwenda ya tatu. Mume wangu anazihesabu kwa sauti nikiingia getini. Jirani anamsaidia kuhesabu.

8 Aprili

Kasema nimwage oili ya difu, lile bonge la gia la kwenye ekseli ya nyuma, niweke nyingine nzito. Nimefanya. Ko.

11 Aprili

Binti yetu kapiga simu. Kasema, "Mama, sauti yako imechoka." Nikamwambia ni mafua.

16 Aprili

Leo nina mengi.

Nilikuwa nashuka mlima nikielekea kwenye kinu cha unga, mzigo umejaa, mvua inapiga kioo mpaka wipa hazina kazi. Nikatoa mguu kwenye mafuta. Badala ya ko moja zikaja tatu mfululizo, halafu sakafu chini ya miguu yangu ikaanza kutetemeka. Si kutetemeka kwa barabara mbovu. Ilikuwa kama kitu kinazunguka chini kikitafuta pa kutokea. Nikapunguza, nikawasha taa za dharura, nikajikokota mpaka kwa fundi wa kwenye kona. Safari hii sikumpigia mtu simu.

"Lala chini," nikamwambia. "Lala utakavyo."

Akaweka mawe kwenye magurudumu, akatandika boksi, akaingia. Nami nikaingia upande wa pili. Hakuniuliza, ila alinisogezea kipande cha boksi nisilowe. Akaanza nyuma. Akazishika boliti zinazobana springi kwenye ekseli, akazijaribu kwa spana, zimekaza. Akaishika propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka nyuma, akaizungusha kushoto na kulia. Difu ikajibu papo hapo. "Difu haina ubaya. Oili yako umeimwaga bure." Akaja katikati, beringi iko salama. Akaja mbele, kwenye krosi, kile kiungo cha umbo la msalaba kinachoifunga propela kwenye giaboksi. Akazungusha. Upande mmoja ukatembea kwanza, halafu ko, ndipo upande wa pili ukafuata.

"Huyu hapa mwenyewe," akasema.

Alizungusha mara mbili tatu zaidi ili nione. Ule mlio ulionisema kuanzia mwanzo wa mvua ulikuwa unatoka mkononi mwa mtu aliyelala chali, bila klachi, bila mguu wa mtu yeyote. Nikaona macho yananijaa, nikajifanya tope limeniingia.

Akaishusha propela, akaniletea krosi mezani. Msalaba una vikombe vinne, na ndani ya kila kikombe kuna sindano ndogo za chuma zimesimama duara. Kila kikombe kikishaingia mpaka mwisho kinafungwa kwa klipu isitoke. Vikombe vitatu vilikuwa na klipu. Cha nne hakikuwa nayo. Akakichomoa, akakimwaga kwenye kiganja. Sindano moja ilikuwa imelala chini kabisa, imepondeka kama punje ya mchele iliyokanyagwa.

"Aliyeifunga hii alikuwa na haraka. Sindano ikilala, kikombe hakifiki mwisho. Kikombe kisipofika mwisho, klipu haipati mfereji wake. Hapo unatoa, unaisimamisha kwa grisi, unarudisha. Ni kazi ya kunywa chai. Sasa yeye kaona klipu imekataa, kafanya hivi." Akanionyesha ukingo. "Imeshikilia wiki kadhaa, halafu imepasuka."

Nukta mbili za kuchomelea.

Nikazitazama kama natazama mwandiko wa mtu. Nilizikuta zikinisubiri chini ya miguu yangu, ndugu wa zile za kitandani.

"Unamjua aliyefanya?" fundi akauliza.

"Hapana," nikasema.

"Nakuuliza kwa sababu hii si ya kucheka, mama. Propela ikitoka mbele inadondoka chini huku gari linakimbia. Inachoma barabara, gari linanyanyuka. Pale mlimani ulipotoka, na mzigo ule, ungekuja hapa umebebwa."

Akafunga krosi mpya. Kila sindano aliipaka grisi, akaitazama, huku akipiga mluzi wake. Nilisimama pale mpaka akamaliza. Nilipoondoa gari nilisubiri ko mpaka masikio yakaniuma. Haikuja.

17 Aprili

Sijamwambia.

Nimewaza hivi. Aliifunga ile krosi wiki ileile aliyoanguka, mvua zilikuwa karibu, wateja wanamkalia kooni. Alikosea, na hakujua kwamba kakosea. Kisha akaanguka, na sasa ana magongo mawili na dirisha. Nikimwambia kazi ya mikono yake nusura iniue, atabakiwa na nini? Nimemsema sana kwenye kurasa hizi. Nilipompelekea chai leo nilimshika bega, akashtuka.

19 Aprili

Kwa mara ya kwanza kaniambia, "Unaona? Mguu umetulia."

Nikasema, "Umetulia, mume wangu."

Akamwita jirani dirishani, akamwambia, "Nimemfundisha upya." Nikaenda jikoni nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Roho iliniuma, lakini nimemezea. Gari halina mlio, funguo ni zangu, basi.

22 Aprili

Mama Kuku kasema trei zote zimefika nzima. Kasema kwa kununa, ndivyo anavyosifu.

25 Aprili

Mvua imepungua, na shemeji kaja. Mume wangu alimwita bila kuniambia. Nilikuta funguo tayari ziko mezani.

"Ulisema kama gari linagonga," nikamwambia. "Haligongi."

"Ndiyo maana. Zima ndilo la kumpa mtu. Ulitaka nimpe bovu?"

Hapo shemeji, maskini, akitaka kunisaidia nadhani, akadakia. "Kaka, kwani krosi imeshabadilishwa? Maana uliniambia nisiliendeshe hata hatua moja kabla sijaanza na ile krosi ya mbele, ile uliyoichomelea."

Nilisikia matone kwenye bati yakiisha moja moja.

"Alikwambia lini?" nikamuuliza shemeji.

Akamtazama kaka yake. Kaka yake akatazama dirishani.

"Siku ile nilipokuja kujaribu," shemeji akasema polepole. "Nilipolirudisha. Akaniita hapa akaninong'oneza. Nilijua na wewe unajua, shemeji. Haki ya Mungu nilijua unajua."

Siku ile. Kwa hiyo aliposikia linagonga chini ya mguu wa mdogo wake, roho ilimruka. Chini ya mguu wangu alikuwa anahesabu na jirani.

Nikamgeukia mume wangu. Sikupandisha sauti, na sasa najutia kwamba sikuipandisha.

"Ulijua ni krosi."

"Nilidhani itashika."

"Ulijua tangu siku ya kwanza ilipogonga. Ukaniambia ni mguu. Nimeendesha pekupeku, bwana wewe. Nimekuomba radhi, ukaipokea."

"Ningekwambia nini? Ungeenda kwa mafundi, wangeniona mimi ni mtu wa kuchomelea krosi. Jina langu lote liko kwenye chuma."

"Kwa hiyo bora nife."

"Hukufa," akasema.

Ndivyo alivyosema. Nayaandika kama yalivyo, nisije siku moja nikajidanganya kwamba alisema kitu kingine.

Shemeji aliinuka. Funguo zilikuwa karibu na mkono wake, akazisukuma kwangu juu ya meza. "Mimi hapana, kaka," akasema. Akatoka bila kuaga, akaacha chai yake. Nikazichukua. Mimi na mume wangu tulikaa mpaka nikaona giza linaingia, nikainuka nikawasha taa kwa sababu mtu lazima awashe.

26 Aprili

Nimelala chumba cha binti. Kitanda cha kule hakijawahi kuvunjika.

30 Aprili

Jua. Barabara zinakauka. Nimepata wateja wawili wapya.

4 Mei

Mvua zimekata kabisa. Zamani alikuwa ananisikia tangu kwenye kona ya kinu. Sasa naingia, nazima, nakaa kwenye usukani nikitazama kisogo chake dirishani, na hajui kama nimefika. Leo nilikaa mpaka injini ikapoa. Nilipopita akauliza, "Umerudi saa ngapi?" Nikamwambia sasa hivi.

Anaongea nami vizuri siku hizi. Ananisifu. Kamwambia jirani hakuna dereva kama mimi. Nasikiliza, sipati kitu ndani. Nimetafuta hata hasira ya siku ile, nayo sijui imekwenda wapi. Kilichobaki ni kazi: mayai, mafuta, maduka, kupika, kumpelekea maji ya kuoga.

6 Mei

Gongo lake la kulia limeanza kulia. Akilikanyagia linapiga ki, halafu linayumba kidogo, naye anajishika ukutani.

"Mke wangu, hebu nitazamie hili gongo. Linagonga."

"Ni mguu wako," nikamwambia. "Unalikanyagia vibaya."

Alinitazama. Nadhani alielewa, maana hakurudia.

10 Mei

Leo tena nimelisikia, toka chumbani mpaka chooni na kurudi. Ki. Ki. Anatembea karibu na ukuta sasa. Ni nati moja tu imelegea, pale chini ya kishikio. Nimeiona tangu siku ile ya kwanza, na spana yake iko kwenye gari.